Samani za Bibi Katika Nyumba ya Leo: Kufufua Kitanda cha Samadari, Kasha la Njumu na Taa ya Karabai

Watu wengi wakirithi samani ya zamani, kitu cha kwanza wanachonunua ni msasa. Cha pili ni kopo la vanishi. Jumamosi moja inatosha: kitanda kilicholaliwa na vizazi vitatu kinakwanguliwa mpaka mbao inabaki nyeupe, kinapakwa vanishi inayong'aa kama kioo, na jioni kinapigwa picha. Kimependeza, lakini kimekuwa kitanda kipya kilichoundwa kwa mbao kuukuu. Ile ngozi yake ya kahawia iliyokolea kwa mikono ya watu, moshi wa udi na miaka ya kufutwa kwa kitambaa, haitarudi tena, wala hakuna fundi wa kuirudisha.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilipoletewa Dar es Salaam kitanda cha bibi yangu kutoka Ng'ambo, Unguja, nilimkabidhi fundi wa mtaani nikaenda zangu kazini. Niliporudi, tendegu moja, yaani mguu mmoja wa kitanda, lilikuwa limeshapigwa msasa hadi kwenye mbao, na kitakizo cha miguuni, ule ubao wa upana upande wa miguu, kimepigwa misumari ya inchi tatu kikapasuka. Nilisimamisha kazi palepale. Mpaka leo kitanda kina matendegu matatu yenye mistari myekundu, myeusi na ya njano, na moja jeupe. Mwongozo huu umetokana na niliyojifunza baada ya siku ile, nikikitengeneza kitanda hicho, kasha moja la njumu, yaani lililopambwa kwa vichwa vya misumari ya shaba, na taa mbili. Kanuni niliyoishika ni moja: usifanye jambo ambalo mtu mwingine hataweza kulitengua kesho.

Hatua ya kwanza: kiangalie kabla hujakigusa

Kipindue. Samani ya kale huficha habari zake chini na nyuma, mahali ambapo fundi hakutarajia mtu apatazame. Chukua tochi na simu, upige picha kila upande, kila kiungo na kila ufa. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa siku utakapokuwa na vipande kumi sakafuni na hujui kipi kilikuwa wapi.

Kitanda cha samadari, kama hicho cha bibi, kina matendegu manne, mifumbati (mbao za ubavuni) miwili ya urefuni na vitakizo viwili, cha mchagoni, yaani kichwani, na cha miguuni. Juu husimama nguzo za kushika chandarua na besera, kile kitambaa cha kufunika juu ya kitanda. Vyote vimeshikana kwa ulimi na tundu, na kila ulimi ulichongwa kwa ajili ya tundu lake tu; ukiubadilisha, kitanda kitalia usiku kucha. Kabla hujavibomoa, tafuta alama za fundi wa kwanza. Kwenye kitanda cha bibi nilikuta vijikato vya patasi: kimoja kwenye ulimi na kimoja pembeni mwa tundu lake, viwili kwa viwili, vitatu kwa vitatu, mpaka vinane. Pasipo na alama, weka zako kwa utepe wa karatasi. Usiandike kwa kalamu ya wino juu ya mbao.

Kasha nalo lichunguze, hasa kama ndiyo kwanza unanunua. Makasha mengi ya njumu yaliyoko pwani yetu yaliletwa kwa majahazi kutoka India, na mafundi wa huku nao wakatengeneza yao. Madukani siku hizi yapo pia mapya yaliyochakazwa kwa makusudi. Beba sumaku: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa. Kisha pitisha vidole kwenye ukingo wa kifuniko. La zamani limelainika pale tu mikono iliposhika, katikati na kwenye pembe. La kuigiza limelainishwa sawasawa kila mahali. Ndani, upande wa kushoto, mara nyingi kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na chini au nyuma yake huenda pakawa na droo ya siri. Usiitafute kwa bisibisi. Sukuma vibao taratibu kwa kidole gumba, kimoja kimoja.

Kama ulichonacho ni kiti cha enzi, kile kirefu cha Lamu na Siyu chenye mgongo wa kuwambwa kwa uzi, angalia nakshi zake nyeupe kwa kioo cha kukuzia. Mfupa una vitone vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu, kwenye upande uliokatwa, ina mistari inayopishana kama wavu mwembamba. Tofauti hii ni muhimu, kwani biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kiti chenye pembe hakivuki mpaka bila kibali hata kama ni cha babu yako mzaa baba. Nakshi iliyodondoka jaza kwa mfupa wa ng'ombe au wa ngamia. Tena, Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na Tanzania ina sheria yake ya mambo ya kale tangu 1964. Ukikusudia kusafirisha, uliza makumbusho kwanza.

Hatua ya pili: kipe muda kizoee nyumba

Hatua hii wengi huiruka. Mbao hunywa na kutoa unyevu kila siku. Kasha lililokaa miaka mia Lamu au Unguja, ukilipakia lori ukalishusha Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, au Arusha wakati wa kiangazi, litaanza kusinyaa. Ubao wa kifuniko utapasuka na sauti utaisikia kama kiberiti kinachovunjika. Hata Dar es Salaam penyewe, chumba chenye kiyoyozi cha mchana kutwa ni nchi nyingine kabisa kwa mbao iliyozoea upepo wa bahari.

Kiache wiki nne hadi sita kwenye chumba kisicho na kiyoyozi na kisichopigwa jua moja kwa moja. Kiinue kwenye vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Kama ni lazima chumba kiwe na kiyoyozi, anza kwa saa chache kwa siku. Nyufa zikitokea usikimbilie kuziziba: nyingine hujifunga zenyewe mvua zikianza, na ukiwa umeshazijaza gundi na unga wa mbao, ubao ukivimba utapasuka mahali pengine.

Hatua ya tatu: wadudu

Vitundu vidogo kama vya sindano havimaanishi kwamba wadudu bado wamo. Huenda walikula wakaondoka enzi za mkoloni. Kujua ni rahisi: safisha vitundu kwa brashi, tandaza karatasi nyeusi chini ya samani, uiache wiki mbili. Ukikuta vichungu vidogo vya unga mweupe juu ya karatasi, wamo na wanakula.

Kiweke mbali na samani nyingine. Nunua dawa ya wadudu wa mbao kwenye duka la vifaa vya ujenzi, uipake kwa brashi sehemu zisizo na rangi wala vanishi, yaani chini, nyuma na ndani ya matundu ya viungo, na kwenye vitundu ipenyeze kwa sindano. Vaa glavu na barakoa, ufanyie nje. Mafuta ya taa waliyotumia wazee yaache: huua baadhi tu, hunuka miezi, na mbao iliyolowa mafuta ya taa ndani ya chumba cha kulala ni moto unaosubiri kiberiti. Mchwa wao, wengi hutoka ardhini, kwa hiyo kutibu samani peke yake hakusaidii. Tafuta njia yao ya udongo ukutani na uishughulikie nyumba.

Hatua ya nne: safisha, na huenda ukakomea hapo

Anza na brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu, ukitoa vumbi kwenye nakshi. Halafu kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande na kukamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone. Futa sehemu ndogo, ikaushe, uende nyingine. Uchafu wa miaka hutoka kama chai ya rangi. Kwenye nakshi nyembamba tumia pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na kuloweshwa kwa mate. Mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu, na hata mafundi wa makumbusho huyatumia. Ukimaliza pitisha pamba yenye maji safi.

Pakibaki nta ya zamani na mafuta yaliyoganda, tumia tarpentaini kidogo kwenye kitambaa, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Mafuta yanayoganda hivi mara nyingi ni ya nazi. Pwani tumezoea kuyapaka kwenye mbao ili ing'ae, na siku ile inang'aa kweli. Lakini mafuta ya nazi hayakauki kamwe, hubaki yakinata, yakikusanya vumbi mpaka nakshi zinafunikwa utando mweusi.

Baada ya hapa kaa kitako ukitazame. Kasha langu niliishia hatua hii kwa upande wa mbao. Kila nilichofikiri ni ubovu kilikuwa ni uchafu.

Hatua ya tano: tone la spiriti

Kabla ya kupaka chochote, ni lazima ujue kilichopakwa zamani. Tafuta mahali pasipoonekana, weka tone moja la spiriti ya kuwashia kwa kijiti cha pamba, uhesabu mpaka thelathini. Pakilainika na kunata, umekuta shelaki, utomvu wa vidudu vya India ambao ndio ulikuwa polishi ya mafundi wengi wa zamani. Pasipolainika, jaribu tone la tina. Likilainisha, ni laka ya kupuliza. Yote mawili yakishindwa, kuna uwezekano mkubwa ni vanishi ya kisasa iliyopakwa na mtu aliyekutangulia.

Shelaki ni habari njema. Ikipasukapasuka haihitaji kukwanguliwa: pitisha brashi laini yenye spiriti kidogo, kwa mkono mwepesi, nayo itayeyuka na kujilaza upya. Ile duara nyeupe inayoachwa na kikombe cha chai ni unyevu ulionaswa ndani ya shelaki. Kitambaa chenye spiriti kidogo sana, kikipita juu yake haraka kama ndege anayegusa maji, huiondoa.

Ila matendegu yenye rangi yaogope. Mzee mmoja fundi wa Mji Mkongwe nilimpelekea picha za kitanda changu, akanipigia simu kabla sijamaliza kunywa chai. "Mwanangu, hiyo si rangi ya brashi, hiyo lakiri. Ukiitia spiriti itakulilia." Miguu hiyo ilikerezwa, yaani ilichongwa ikiwa inazungushwa, na wakati ikizunguka kwenye kerezo ndipo kijiti cha lakiri, utomvu mgumu wa jamii ya shelaki uliotiwa rangi, kiligandamizwa juu yake mpaka ikayeyuka kwa joto la msuguano. Lakiri nayo huyeyuka kwa spiriti. Kwa hiyo matendegu hayo ni kitambaa chenye unyevu kidogo na nta tu, basi.

Na rangi ya mafuta ya zamani, ile nene inayobanduka magamba, usiipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Ilainishe kwa dawa ya kutolea rangi, uikwangue ikiwa mbichi, ukusanye magamba yote kwenye gazeti, na watoto wakae mbali siku hiyo.

Hatua ya sita: viungo bila msumari

Samani hizi zilitengenezwa ili ziweze kubomolewa na kuungwa tena. Msumari unaua uwezo huo, kwa sababu mbao ya zamani imekauka, haina ulaini wa kupisha chuma. Hupasuka kufuata nyuzi zake, kama kilivyopasuka kitakizo changu.

Kiungo kinacholegea kigongee kwa nyundo ya mpira, au nyundo ya kawaida juu ya kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa. Kikikataa, weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kwa dakika kumi, uwe mbali na sehemu zenye polishi. Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hulainika kwa joto na maji, na ndiyo maana mafundi wa kale waliweza kurekebisha kazi za wenzao. Kwangua gundi yote ya zamani kwenye ulimi na ndani ya tundu. Gundi nyeupe ya dukani haishiki juu ya gundi nyingine. Ulimi ukipwaya, gundisha juu yake kipande chembamba cha mbao ya aina ileile, kikikauka ukipunguze kwa tupa mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja.

Huna klampu? Zungusha kamba imara kuzunguka fremu mara mbili, ingiza kijiti katikati, uisokote mpaka ikaze, ukifunga kijiti kisirudi. Weka vitambaa mahali kamba inapogusa mbao. Pima pembe kwa pembe kwa futi kamba: vipimo viwili vikilingana, kitanda hakijapinda. Acha saa 24.

Kitakizo kilichopasuka nilikiokoa hivyohivyo. Nilichomoa misumari kwa koleo, nikiikata ile iliyogoma na kuitoa upande wa pili, nikapenyeza gundi ndani ya ufa kwa karatasi ngumu, nikakaza kwa kamba. Matundu ya misumari nimeyajaza nta iliyochanganywa na rangi. Yanaonekana ukiyatafuta.

Hatua ya saba: kuwamba, au chaga

Kitanda cha samadari kiliwambwa kwa kamba, na godoro la sufi likawekwa juu. Ukipata fundi wa kuwamba bado yupo, mpe kazi na ukae naye ujifunze. Kamba ya nazi hulegea baada ya miezi michache, kwa hiyo acha upande wa miguuni nafasi ya shubiri moja yenye kamba peke yake ya kukazia, ili usilazimike kuwamba upya.

Kwa godoro la leo njia nyepesi ni chaga, na hapa ndipo vitanda vingi vya kale huharibiwa. Godoro la madukani ni futi 5 kwa 6 au 4 kwa 6, kitanda hakilingani, basi mtu anakata vitakizo. Usikate. Tengeneza fremu nyembamba inayojitegemea, yenye chaga zake, ikae ndani ya mifumbati kwenye vipande vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu mbilimbili upande wa ndani usioonekana. Godoro agiza likatwe: maduka mengi ya magodoro hukata sponji kwa kipimo unachotaka. Langu lina upana wa futi 4 na inchi 2 na lilichukua siku moja. Samadari ni kirefu kwenda juu, hivyo weka kigoda cha kupandia, na droo za kisasa zenye magurudumu zitaingia chini yake bila kukigusa.

Hatua ya nane: njumu za shaba

Ndimu na chumvi hung'arisha shaba kweli, ila kwenye kasha la mbao usizitumie. Tindikali na chumvi huingia chini ya kichwa cha njumu, na baada ya wiki utaona ukungu wa kijani ukitoka na kuipaka mbao doa lisilofutika. Chukua kadi ngumu, toboa tundu la ukubwa wa njumu moja, uiweke juu yake ili mbao ijifunike, kisha sugua kwa polishi ya shaba au unga laini wa chaki uliochanganywa na tone la maji. Njumu moja baada ya nyingine. Kasha langu lina njumu zaidi ya mia nne na lilinichukua jioni sita. Redio ikiwa inaongea ni kazi ya kutuliza moyo. Usisake mng'ao wa dhahabu. Acha weusi kidogo kwenye mabonde ya nakshi, ndio unaofanya michoro isomeke.

Kufuli na bawaba zisipewe mafuta ya kula. Kwangua ile ncha nyeusi ya penseli, upulize unga wake kwenye tundu la ufunguo. Ndani ya kasha, harufu ya zamani huondoka kwa bakuli la mkaa mkavu lililoachwa wiki nzima kifuniko kikiwa kimefungwa. Halafu lifukize udi kama walivyofanya wenyewe, ukiliweka mbali na makaa.

Kasha linafaa mashuka, mablanketi, nguo za harusi, na ni meza nzuri ya sebuleni. Ukiliweka chini ya televisheni, nyaya zipite nyuma yake. Wapo waliolitoboa mgongo kwa ajili ya waya wa king'amuzi.

Hatua ya tisa: nta

Kinga ya mwisho ni nta ya nyuki, ile ya Tabora ni nzuri sana. Kwangua gramu 100 za nta ziingie kwenye bakuli, kisha weka bakuli juu ya sufuria ya maji yaliyochemka na kuepuliwa. Ikiyeyuka, tia mililita 200 za tarpentaini, ukoroge mpaka ipoe iwe kama siagi. Moto uwe umezimwa kabisa wakati unatia tarpentaini. Paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri dakika ishirini, sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiache alama. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Mafuta ya kitani yanafaa mbao iliyokauka isiyo na polishi, kama lile tendegu langu jeupe. Lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo hujipasha joto na kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Vianike nje, kimoja kimoja, au vizamishe kwenye maji.

Hatua ya kumi: taa

Beit al-Ajaib, jumba la sultani la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, linatajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, ila nyumba nyingi zisizo za kifalme zilibaki na taa za mafuta kwa miongo mingi. Ndiyo maana stoo zetu zimejaa kandili na karabai, zile taa za kupigwa pampu. Kuziwasha kwa mafuta ndani ya nyumba ya leo, yenye madirisha ya alumini yasiyopitisha hewa, sikushauri. Zigeuze za umeme bila kuzitoboa.

Anza na karabai yenyewe. Mwaga mafuta, ilegeze skrubu ya kutolea upepo, uiache wazi nje siku tatu mpaka harufu iishe, uioshe kwa sabuni na kuikausha juani. Ule utambi wake wa kitambaa, mfano wa kifuko kidogo, uutoe kwa uangalifu: tambi nyingi za zamani zilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi, na zikivunjika huwa vumbi jepesi. Ufunike kwa kitambaa kibichi, usipulize. Fungua mrija wa mvuke, uuweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake. Tangi usiliguse.

Sasa nafasi ya utambi itachukuliwa na holda, kishikio cha balbu. Holda ndogo ya skrubu, aina ya E14, huenea vizuri ndani ya kioo cha karabai. Waya uwe wa nyuzi tatu, milimita za mraba 0.75, mpya. Waya wa zamani uliofungwa kitambaa na mpira utupe wote hata kama taa bado inawaka, kwa sababu mpira huo hupukutika ukikunjwa. Upitishe kwenye matundu ya hewa ya juu, na pale unapogusa bati weka kipete cha mpira, la sivyo bati litaukata taratibu.

Rangi za waya zizingatie sana. Katika nyaya za zamani za Kiingereza moto (waya unaoleta umeme) ni nyekundu, nyutro (unaourudisha) nyeusi, ethi (wa usalama, unaoupeleka ardhini) kijani. Katika nyaya mpya moto ni kahawia, nyutro buluu, ethi kijani na njano. Kwenye holda ya skrubu, waya wa moto uende kwenye kitako cha katikati, usiende kwenye nyuzi za pembeni ambazo kidole hugusa ukibadilisha balbu. Swichi nayo ikate moto. Taa ya chuma au shaba lazima iwe na ethi: kwangua sehemu ndogo ya ndani ya mwili wa taa mpaka chuma king'ae, ufunge waya wa ethi hapo kwa bolti. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 3. Ile ya 13 inayokuja na plagi itaacha waya mwembamba uungue kwanza. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita ya fundi umeme: kati ya pini ya ethi na mwili wa taa isomeke karibu na sifuri, na kati ya pini ya moto na mwili wa taa pasiwe na njia kabisa. Kama huna mita au hujui kuitumia, mwite fundi umeme aliyesomea. Hapa sikuhimizi ujaribu.

Balbu iwe ya LED ya wati 4, yenye mwanga wa kelvini 2700, ule wa manjano. Mwanga mweupe wa hospitali huifanya shaba ionekane kama plastiki. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa nyaya, taa ndogo ya LED ya kuchaji ikiwekwa ndani ya kioo cha kandili hufanya kazi nzuri bila waya wowote.

Za kuning'inia, ziwe thurea au fanusi za kioo, zibebwe na mnyororo, uzito usiwe kwenye waya. Katika nyumba ya Mji Mkongwe funga kulabu kwenye boriti, usifunge kwenye chokaa iliyo kati ya boriti. Kwenye dari ya zege tumia bolti ya kupanuka, na kabla ya kutundika taa tundika ndoo yenye uzito mara mbili yake kwa usiku mmoja. Juu ya meza ya chakula, sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani ni kimo kizuri: mwanga unashuka kwenye sahani na watu wanaonana usoni.

Hatua ya mwisho: karatasi

Andika ulichofanya. Tarehe, gundi gani, nta gani, dawa gani ya wadudu, kipi ni cha asili na kipi umeongeza, na mwenye kitu alikuwa nani. Ikunje karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na skrubu na vipande vilivyobaki, uufunge chini, mahali pasipoonekana. Yangu ipo nyuma ya kitakizo cha miguuni. Imeandikwa jina la bibi, mtaa wake, ufa ulivyozibwa, na kwamba tendegu la nne, la mchagoni kulia, lilikuwa na mistari kama mengine: nyekundu pana, nyeusi nyembamba, njano, kisha nyekundu tena. Nimeambatisha na picha, ili atakayepata kerezo na lakiri ajue pa kuanzia.